Idiotes wa Athens hakuwa mpumbavu

Dhana: Wagiriki wa kale walimwita "idiotes" kila asiyejihusisha na siasa, na ndiko Waingereza walikotoa "idiot".

Nusu ya mwisho ni kweli. Nusu ya kwanza huibuka kila uchaguzi unapokaribia, mara nyingi ikipachikwa jina la Perikles, kiongozi wa Athens. Katika hotuba yake ya mazishi, kama mwanahistoria Thucydides alivyoiandika, Perikles kweli anasema asiyeshiriki mambo ya mji ni mtu asiyefaa kitu. Lakini neno alilotumia ni "achreios". Idiotes halimo katika sentensi hiyo.

Idiotes limetokana na "idios", yaani cha mtu binafsi. Kiswahili kina neno la kulitosha: raia, kwa maana ileile ya polisi aliyekuja amevaa kiraia. Vyeo vingi vya Athens viligawiwa kwa bahati nasibu na vilidumu mwaka mmoja. Mwaka ukiisha, mkubwa wa jana anarudi kuwa idiotes, na kwenye mkutano wa wananchi anapiga kura kama kawaida.

Mahakamani tofauti hiyo ilikuwa na uzito. Mwaka 348 KK hivi, kwenye sikukuu ya mungu Dionysos, tajiri Meidias alimpiga msemaji maarufu Demosthenes konde la uso mbele ya watazamaji. Katika mashtaka aliyoyaandaa, Demosthenes alikumbusha sheria ilivyo: ukimpiga au kumtukana arkoni (mmoja wa wakuu wa mji) akiwa idiotes tu, utajibu kesi ya kawaida, ukimfanyia hayo akiwa na taji lake la kazi, unavuliwa haki za uraia. Mtu yuleyule, konde lilelile, tofauti ni taji.

Dhana: Petro na Yohana waliitwa wajinga.

Matendo 4:13 yanawaita "agrammatoi" na "idiotai". Biblia yetu ya Union imeandika "watu wasio na elimu, wasio na maarifa", na hilo la maarifa naona limewaonea. Wakuu wa baraza walishangaa kuona wavuvi wasio na cheo wala mafunzo ya waandishi wa sheria wakisema kwa ujasiri. Paulo, aliyesomeshwa na Gamalieli, alijiita idiotes wa kunena (2 Wakorintho 11:6).

Dhana: Katika sheria ya kale ya Uingereza, "idiot" alikuwa mtu asiyesoma.

Wakulima karibu wote hawakujua kusoma, na sheria haikuwagusa. Kipimo alichokiandika jaji Fitzherbert katika karne ya 16 kilikuwa kingine kabisa: je, anaweza kuhesabu peni 20? Anamjua baba yake na mama yake? Anajua umri wake? Akishindwa yote, na akiwa hivyo tangu kuzaliwa, ardhi yake huingia mikononi mwa mfalme, na mapato yake pia, mradi alishwe na kuvishwa. Aliyepatwa na wazimu ukubwani alikuwa na nafuu: mfalme alitunza mali yake bila kula faida. Mwanasheria Blackstone, akiandika karne ya 18, anasema mabaraza ya watu 12 yalikwepa kutamka kwamba mtu ni "idiot" wa kuzaliwa. Yaliona afadhali kusema akili zilimpotea siku fulani, familia isinyang'anywe shamba.

Neno hilo, likiwa na maana hiyo ya Kiingereza na si ya Kigiriki, ndilo wakoloni walilolileta huku. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania ililibeba kwa miaka mingi katika kifungu cha 137, kinachohusu kuwadhalilisha wanawake wenye ulemavu wa akili.