Hapana, Haujapita: Kufuatilia Miswada ya Bunduki Majimboni Marekani

Kuwasilishwa si kupitishwa. Naanza na hilo kwa sababu ujumbe ule ule unazunguka tena kwenye magrupu ya WhatsApp ya ndugu zetu walioko Minnesota, Texas na jimbo la Washington: picha ya ukurasa wa kwanza wa muswada, mshale mwekundu, na maneno kwa herufi kubwa, "SHERIA MPYA! BUNDUKI ZA NUSU-OTOMATIKI MARUFUKU. SAMBAZA." Itazame picha yenyewe. Juu kuna namba ya muswada, jina la mbunge mmoja na tarehe ya kuwasilishwa. Basi. Haujapangiwa hata kamati.

Mimi niko upande wa wenye silaha na sifichi. Ndiyo maana kelele hizi zinanikera kuliko zinavyowakera wapinzani wetu. Watu wakitishwa Januari nzima kwa miswada isiyokwenda popote, Aprili ukifika ule wenye uhai hakuna anayeinua simu. Na vyama vya upande wetu vinavyotuma barua pepe za "tunakaribia kupoteza kila kitu, changia dola 25" havina haraka ya kurekebisha hali hiyo. Hofu inachangisha vizuri.

Tuanze na hesabu. Texas, kikao cha 2023: miswada zaidi ya 8,000 iliwasilishwa, iliyopita ni kama 1,200. Mbunge yeyote anaweza kuwasilisha chochote, na wengine huwasilisha muswada uleule kila kikao ili wapigakura wao waone jina. Kwa hiyo swali la kwanza haliwi "muswada unasema nini?" Linakuwa: nani ameuleta, umepelekwa kamati gani, na mwenyekiti wa kamati hiyo ni nani. Muswada wa mbunge wa chama cha wachache, uliolala kamati ya sheria kwa wiki sita, usome ukipata nafasi. Muswada huohuo ukiletwa na mwenyekiti wa kamati, acha unachofanya.

Hata kusikilizwa na kamati hakuna uzito sawa kila mahali. New Hampshire yenye wawakilishi 400, kila muswada hupata siku yake ya kusikilizwa, hivyo kuuona kwenye ratiba hakukuambii lolote. Texas ni kinyume: mwenyekiti asipotaka, muswada haupangiwi siku, na bunge lenyewe linakaa siku 140 tu katika miaka isiyogawanyika kwa mbili. Ukipangiwa siku Austin, makao makuu ya Texas, mtu mwenye nguvu ameamua.

Sasa neno linaloniudhi zaidi: "umepita." Umepita wapi? Kamati ndogo? Kamati? Baraza moja? Yote mawili? Nebraska peke yake ina baraza moja. Majimbo 49 yaliyobaki yana mawili, na makaburi ya miswada yako katikati yao. Florida, Baraza la Wawakilishi lilipitisha mwaka 2023, 2024 na 2025 muswada wa kurudisha umri wa kununua bunduki ndefu kutoka miaka 21 hadi 18. Mara tatu upande wetu ulishangilia, mara tatu Seneti ikaukalia. Virginia 2020 ilikuwa hivyo kwa upande wa pili: HB 961 (HB ni muswada ulioanzia Baraza la Wawakilishi, SB ni ulioanzia Seneti), marufuku ya bunduki wanazoziita za kivita, ulipita Baraza la Wawakilishi kwa kura 51 kwa 48, kisha tarehe 17 Februari Kamati ya Sheria ya Seneti ikausogeza mwaka unaofuata kwa kura 10 kwa 5, Wademokrati wanne wakiungana na Warepublican. Ukafia hapo. Wakati macho yote yalikuwa kwenye HB 961, miswada mingine, ukiwamo wa bastola moja kwa mwezi, iliendelea mbele, ikasainiwa na kuanza kutumika Julai 1.

Baada ya mabaraza kuna gavana, na hapa pia watu hukosea. Maine, muswada wa kusubiri saa 72 baada ya kununua silaha uligeuka kuwa sheria mwaka 2024 bila saini ya Gavana Janet Mills. Aliuacha tu upite. Kuna majimbo ambako gavana akinyamaza baada ya bunge kufunga, muswada unakufa, na mengine ambako akinyamaza unakuwa sheria. Tafuta kanuni ya jimbo lako mara moja, iandike, usiulize tena.

Tukitoka hapo tunafika kwenye jambo ambalo karibu hakuna anayelisoma: kifungu cha tarehe ya kuanza kutumika. Kwa kawaida kiko mwishoni kabisa, mstari mmoja au miwili, na ndicho kinachoamua kama una miezi minane ya kujipanga au huna hata jioni moja. Washington, HB 1240 ya 2023 iliyozuia uuzaji wa bunduki hizohizo "za kivita" ilikuwa na kipengele cha dharura. Gavana Jay Inslee alisaini Aprili 25, na siku hiyohiyo ikaanza. Aliyeagiza bunduki akidhani atakwenda kuichukua dukani mwisho wa wiki alikuta mlango umefungwa. Jimbo hilohilo, HB 1163 ya kibali cha kununulia silaha ilisainiwa Mei 2025 lakini inaanza Mei 1, 2027. Miaka miwili. Colorado, SB25-003 ya bunduki za nusu-otomatiki ilisainiwa Aprili 2025 na tarehe yake ni Agosti 1, 2026. Ujumbe unaosema "sheria mpya" kwa zote hizi bila tarehe hauna maana yoyote.

Kipengele cha dharura kinaweza pia kuua muswada, na hili huwa halielezwi. California, muswada wenye dharura unahitaji theluthi mbili ya kura. Usio na dharura unahitaji wingi wa kawaida na huanza Januari 1. Mwaka 2022, SB 918 iliyobana ubebaji wa bastola hadharani iliwekewa dharura ili ianze mara moja, ikafa Bungeni kwa upungufu wa kura moja. Ingekuwa ya kawaida ingepita bila shida. Waliosherehekea kama vita vimekwisha walijidanganya: mwaka uliofuata ilirudi kama SB 2, bila dharura, ikasainiwa Septemba 2023. Massachusetts ni funzo lingine. Sheria ya silaha ya 2024 ilisainiwa Julai 25 na ilikuwa ianze baada ya siku 90. Wapinzani walikuwa wakikusanya saini za kuisimamisha hadi wapigakura waamue. Oktoba 2 Gavana Maura Healey akaongeza tamko la dharura juu ya sheria aliyokwisha kuisaini, ikaanza siku hiyohiyo. Kwa hiyo hata baada ya saini, usifute mstari kwenye jedwali lako la kufuatilia miswada.

Wasomaji wa Tanzania wanajua muswada kuletwa kwa hati ya dharura. New York wanayo ya kwao: katiba inataka muswada ukae mezani siku tatu kabla ya kura, ila gavana akituma ujumbe wa dharura siku hizo zinafutwa. Ndivyo sheria ya bunduki iitwayo SAFE ya Januari 2013 ilivyopita na kusainiwa kabla watu wengi hawajausoma muswada.

Usomaji wa maandishi yenyewe nitausema haraka, ingawa nusu ya taharuki za mtandaoni hutoka hapo. Muswada mwingi hunakili sheria iliyopo na kuonyesha mabadiliko juu yake. Minnesota na Illinois, kipya hupigiwa mstari chini na kinachoondolewa hukatwa katikati. Virginia kipya huwa kwa italiki. New York kinachoondolewa huwekwa kwenye mabano ya mraba. Maandishi yasiyo na alama yoyote ni sheria ya zamani. Mtu anapiga picha aya isiyo na mstari hata mmoja, aya ambayo imekuwa kitabuni miaka thelathini, anaisambaza kama shambulio jipya. Soma alama kwanza, maneno baadaye. Na soma toleo la mwisho, maana kila marekebisho huzaa toleo jipya. SB25-003 ya Colorado ilipowasilishwa ilikuwa karibu marufuku kamili ya kuuza bunduki nyingi za nusu-otomatiki zenye magazini ya kuchomoa. Iliyosainiwa inaruhusu kununua baada ya kupata kadi kwa sherifu na kumaliza mafunzo. Mbaya bado, kwa maoni yangu, lakini ni kitu tofauti, na anayepinga toleo la Januari mbele ya kamati mwezi Machi anajiaibisha na kutuaibisha sote.

Sasa tuje kwenye miswada ya kuogopa kweli. Mara nyingi haifanani na miswada ya bunduki. Illinois, HB 5471 ulikuwa muswada wa bima. Ulipita baraza la kwanza ukiwa wa bima mwaka 2022. Januari 9, 2023 Seneti ikafuta maandishi yote na kuweka marufuku ya bunduki na magazini, siku iliyofuata baraza lile lingine likakubali, na gavana akasaini jioni hiyohiyo. Namba ileile, na usomaji wa awali bungeni ukahesabiwa, haukuanza upya. Springfield, makao makuu ya Illinois, kuna miswada mingi mitupu inayosema tu kwamba inafanya badiliko la kiufundi kwenye jina fupi la sheria fulani. Hayo ni makasha yanayosubiri kujazwa. Minnesota 2024, marufuku ya trigaa inayofyatua mara mbili, ukivuta na ukiachia, ilitiwa ndani ya muswada wa kodi wenye kurasa zaidi ya 1,400 uliopitishwa kikao kikielekea ukingoni. Agosti 2025 jaji wa kaunti ya Ramsey aliifuta kwa sababu katiba ya jimbo inataka sheria moja iwe na mada moja. Na AB 28 ya California (AB ni muswada ulioanzia baraza la chini), kodi ya asilimia 11 kwa silaha na risasi, iko kwenye kanuni za kodi, wala si za jinai.

Kwa hiyo ukitafuta neno firearm (silaha ya moto) peke yake utaikosa mingi. Fuatilia namba za vifungu. California: kanuni za jinai kuanzia kifungu 16000, pamoja na kanuni za kodi. New York: ibara 265 na 400 za sheria ya jinai. Texas: sura ya 46 ya kanuni za jinai. Virginia: 18.2-308 na matawi yake. Minnesota: 624.71 na ndugu zake. Massachusetts: sura ya 140. Tovuti ya LegiScan inakusanya miswada ya majimbo yote 50 na itakutumia barua pepe muswada ukisogea, lakini siku ya kura fungua tovuti ya bunge lenyewe, kwa sababu mkusanyaji yeyote huchelewa, na saa tatu za kuchelewa zinatosha kukosa mjadala.

Jedwali langu lina safu hizi: namba, pacha wake katika baraza lingine (New York A na S, Minnesota HF na SF, maana mmoja akifa mwingine huendelea), mleta muswada, kamati ilipo, tarehe ya mwisho inayofuata, vifungu vinavyoguswa, toleo nililosoma, tarehe ya kuanza. Safu ya tarehe ya mwisho ndiyo yenye faida kubwa. Muswada usiotoka baraza lake kabla ya tarehe hiyo kwa kawaida umekufa. Kwa kawaida, nasema, kwa sababu maandishi yake yanaweza kuhamia muswada mwingine ulio hai. California angalia pia faili la kusubiri la Kamati ya Matumizi: miswada yenye gharama ya dola 150,000 na zaidi hurundikwa hapo, kisha Mei na Agosti majina husomwa harakaharaka, huu unatoka, huu unabaki, bila mjadala. Wiki ya mwisho ya kikao tazama kila siku: tangu 2016 katiba inataka maandishi ya mwisho yachapishwe saa 72 kabla ya kura. Hizo saa 72 ndizo nafasi yako yote.

Usisahau kura za wananchi. Oregon, Measure 114 (hoja ya kibali cha kununua bunduki) ya Novemba 2022 haikupita bungeni kabisa, na Maine mwaka 2025 wapigakura waliidhinisha amri za mahakama za kumwondolea silaha mtu anayeonekana hatari. Anayefuatilia bunge tu hakuviona vikija.

Upande wetu nao una ugonjwa wake, ule wa kushangilia sheria za jimbo "zinazofuta" sheria za shirikisho. Kansas walipitisha yao 2013. Wakazi wawili wakaiamini, mmoja akiuza na mwingine akinunua vizuia sauti visivyosajiliwa, wakatiwa hatiani na mahakama ya shirikisho, na 2018 mahakama ya rufaa ya mzunguko wa kumi ikathibitisha. Missouri walipitisha yao 2021, mahakama zikaifuta. Nikiona muswada wa namna hiyo naupa rangi ya njano ya tahadhari, hata kama nakubaliana na moyo wake.

Kuna nisichoweza kukuhakikishia: kama ushahidi wako mbele ya kamati unabadilisha kura. Olympia, makao makuu ya jimbo la Washington, unaweza kujisajili mtandaoni kuunga mkono au kupinga, na wingi wa waliopinga haujazuia miswada mikubwa ya silaha. Nadhani, na ni dhana tu, kwamba barua fupi kwa mjumbe wa kamati anayeyumba, kutoka kwa mkazi wa eneo lake, ikitaja kifungu na mstari wa toleo la sasa, inazidi jumbe elfu moja za kunakili. Barua ya mtu wa jimbo lingine haina thamani yoyote, usijisumbue.

Na kwa mliopo Marekani kwa viza ya masomo, utalii au kazi ya muda: kabla ya kuhangaikia muswada wowote wa jimbo, sheria ya shirikisho inakuzuia kumiliki bunduki au risasi, isipokuwa kwa vighairi vichache kama leseni halali ya uwindaji. Mwenye green card hazuiwi na kifungu hicho. Maswali ya hili huja kila wiki, na jibu halibadiliki kwa sababu Texas imeruhusu kubeba bila kibali.