Nova kibete: kwa nini mwanga wake huzama kisha hupanda tena

Nova kibete ni nyota mbili zinazozungukana kwa karibu mno. Moja ni nyota kibete nyeupe, yaani kiini kilichobaki baada ya nyota kama Jua letu kumaliza maisha yake; ya pili ni nyota ndogo ambayo gesi yake huvutwa na mwenzake. Gesi hiyo haimwangukii kibete moja kwa moja. Humzunguka ikitanda kama sahani, na mlipuko wote tunaouona kutoka duniani hutokea humo, kwenye diski.

Diski ikiwa baridi, mnato wake, yaani msuguano wa ndani wa gesi, ni mdogo, hivyo gesi hurundikana bila haraka. Joto likifika nyuzi elfu kadhaa, atomi za haidrojeni huanza kupoteza elektroni. Hapo gesi hunasa joto, mnato hupanda ghafla, na kilichorundikana humiminika kuelekea kibete huku diski nzima iking'aa. Wazo kwamba mlipuko hutokana na diski kurundika gesi kisha kuimwaga alilipendekeza Yoji Osaki wa Japani mwaka 1974. Gesi ikipungua, wimbi la kupoa huanzia ukingoni na kwenda ndani, na mwanga huporomoka.

Kwa nova kibete nyingi mambo huishia hapo. WZ Sagittae, iliyo umbali wa karibu miaka nuru 150, haikufanya hivyo. Nyota zake huzungukana kila dakika 82 hivi, na imelipuka mwaka 1913, 1946, 1978 na 2001. Mlipuko wa mwisho ulianza Julai, mwanga ukapanda mara mia kadhaa. Baada ya wiki tatu na ushei ulizama ghafla, ukapanda tena, ukazama, ukapanda: mara 12 kwa jumla, kila baada ya siku mbili hivi. Hata ilipozama, haikurudi kwenye ufifi wake wa kawaida. EG Cancri, nova kibete nyingine, nayo ilikuwa imerudia kung'aa mara 6 baada ya mlipuko wake wa 1996.

Maelezo mawili hushindana. Moja linasema nyota ndogo, ikishapashwa joto na mlipuko, humwaga gesi nyingi zaidi. La pili, ambalo Osaki, Friedrich Meyer na Emmi Meyer-Hofmeister walilitumia mwaka 2001 kuielezea EG Cancri, linasema mnato haushuki wote mara moja. Gesi iliyobaki pembezoni mwa diski huendelea kuvuja ndani, inafika kiwango cha kuwaka, inapoa, kisha inaanza upya. Mimi naliona hili lina nguvu zaidi, kwa sababu marudio ya EG Cancri yalikwenda kwa mpangilio kisha yakakoma ghafla, jambo linalotarajiwa mnato ukishafifia kiasi cha kutoweza tena kuiwasha diski.

Ndiyo maana vipimo vya baada ya anguko vina thamani kubwa kuliko vya kilele chenyewe. Mwaka 2001 sehemu kubwa ya vipimo hivyo ilitoka kwa wapenzi wa nyota wenye darubini ndogo, waliopokezana usiku kwa usiku kutoka nchi mbalimbali, huku wengine wakiwa mchana.