Mbunge wa Viti Maalum Hakupewa Kiti: Ulizeni Nani Alimpigia Kura

"Yule naye si mbunge hasa, amepewa tu viti maalum." Wiki hii nimeisikia tena kauli hiyo, safari hii kutoka kwa mtu aliyesomea sheria na anayelipwa kuichambua redioni. Kazi yangu ni kuwafundisha watia nia na makatibu wa jumuiya za wanawake kanuni za uteuzi ndani ya vyama, na nilidhani nimekwishaizoea. Sijaizoea. Kauli hiyo si ya kweli, na ubaya wake zaidi ni kwamba inawaficha wale wenye madaraka makubwa juu ya viti hivyo, kwa sababu anayeamini kwamba kiti kimetolewa kama zawadi hawezi kuuliza kilipitia mikononi mwa nani kabla ya kufika Dodoma.

Mambo ya msingi nitayapitia haraka. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, Ibara ya 66(1)(b), inataka wawepo wabunge wanawake wasiopungua asilimia 30 ya wabunge wa makundi mengine yote. Ibara ya 78 inaeleza kwamba viti hivyo hugawanywa kwa vyama vilivyopata angalau asilimia 5 ya kura halali za ubunge, kila chama kwa uwiano wa kura zake, na Tume ya Uchaguzi hutangaza majina kutoka katika orodha iliyowasilishwa na chama. Utaratibu ulianza na viti 15 mwaka 1985, wakati wa chama kimoja, ukapanda hatua kwa hatua hadi asilimia 20 mwaka 2000 na asilimia 30 mwaka 2005. Asilimia 30 hiyo ni kima cha chini, wala si kikomo: baada ya uchaguzi wa 2020 viti vilikuwa 113, ambavyo ukivipima dhidi ya wabunge wa makundi mengine vinafika kama asilimia 40. Rais haingii popote katika mlolongo huo. Anao wabunge wake wasiozidi 10 kwa mujibu wa Ibara ya 66(1)(e), ambao angalau 5 kati yao lazima wawe wanawake, na hao ndio walioteuliwa kwa maana kamili ya neno. Tulia Ackson aliingia bungeni kwa mlango huo mwaka 2015, na mwaka 2020 akagombea na kushinda Mbeya Mjini. Kuwachanganya wabunge wa Rais na wabunge wa viti maalum ni kosa ambalo ningemsamehe mwanafunzi wa kidato cha pili, lakini si mchambuzi.

Sasa tuingie ukumbini, mahali ambapo wachambuzi wengi hawajawahi kukanyaga. Katika CCM, mwanamke anayetaka nafasi ya mkoa husimama mbele ya mkutano mkuu maalum wa UWT, jumuiya ya wanawake ya chama hicho, wa mkoa huo. Wajumbe hufika kutoka wilayani kwa mabasi madogo, wengine wamesafiri tangu alfajiri, ukumbi umejaa kijani na njano, na msimamizi amekaa mbele akiwa na saa mkononi kwa sababu kila mgombea ana dakika chache tu za kujinadi. Nimewaona wanaopiga magoti, wanaoimba, na wanaotumia nusu ya muda wao kumshukuru kila kiongozi aliyeko meza kuu kisha wakakatizwa kabla hawajaomba kura. Mwenye hotuba iliyosukwa vizuri mjini mara nyingi hupata kura za huruma. Anayeshinda ni yule anayeweza kutaja kata za mbali na majina ya makatibu wake bila kusoma karatasi, akasema nani alifiwa mwezi uliopita na ni kikundi gani cha kuweka na kukopa kilikwama. Baadaye kura humwagwa mezani, karatasi hufunguliwa moja moja, jina hutajwa kwa sauti na mstari huchorwa ubaoni, huku wagombea wakijitahidi kutoutazama ubao. Anayesema kwamba mwanamke aliyetoka salama katika ukumbi huo "amepewa" aje siku moja akae kiti cha nyuma, ajaribu kuomba kura za wanawake wanaomjua tangu akiwa mjumbe wa tawi.

Kwa hiyo kura zipo. Kero yangu kubwa iko katika swali la nani anazipiga, na kinachotokea zikishahesabiwa.

Wapiga kura katika ukumbi ule ni mamia ya wajumbe, ilhali mkoa una mamia ya maelfu ya wanawake wenye haki ya kupiga kura. Kundi dogo namna hiyo linafikika nyumba kwa nyumba, simu kwa simu, na kwa masikitiko, bahasha kwa bahasha. Watanzania walicheka sana baada ya kura za maoni za mwaka 2020 walipoanza kusema kwamba wajumbe si watu wazuri, lakini mzaha ule uliwalenga watu badala ya mfumo. Mjumbe mmoja akiwa na uzito wa maelfu ya raia, na akijua kwamba baada ya siku hiyo hakuna atakayemtafuta kwa miaka mitano, atafanya kile ambacho binadamu yeyote angefanya katika nafasi yake. Hatukuanza jana. Kati ya mwaka 2000 na 2006 sheria yetu ya uchaguzi iliruhusu takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, hadi Mahakama Kuu ilipoifuta katika shauri lililofunguliwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wenzake. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 ikafuata, na hiyo inagusa hata mchujo wa ndani ya chama. Hata hivyo nauli, chakula na malazi ya mjumbe aliyetoka kilomita 200 bado ni maeneo ambayo mimi mwenyewe, nikiulizwa na mtia nia ni wapi msaada unaishia na rushwa inaanzia, namjibu kwa tahadhari kubwa kuliko anavyotarajia kutoka kwa mtu ninayejiita mtaalamu.

Halafu kuna orodha. Kura za ukumbini ni kura za maoni. Maoni hupelekwa juu, na vikao vya juu huamua. Viti vya chama havijulikani idadi yake mpaka kura za ubunge za nchi nzima zihesabiwe, kwa hiyo kinachoamua nani anaapishwa ni nafasi ya jina lake katika orodha. Kwa kawaida wanaoongoza mikoani hutangulia, lakini orodha hubeba pia wawakilishi wa vijana, wazazi, watu wenye ulemavu, wafanyakazi, vyuo vikuu na asasi za kiraia, na namna makundi haya yanavyopangwa kati ya majina ya mikoa ni jambo ambalo mpiga kura wa kawaida haoni kabisa. Mwanamke anaweza kupata kura nyingi katika mkoa wenye ushindani mkali na akaachwa, huku mwingine mwenye kura chache akiingia kwa kundi lake. Sisemi kwamba ni dhuluma; makundi hayo yana sababu nzuri ya kuwepo. Ninachodai ni kwamba hatua hii, ambayo ndiyo yenye uzito wote, ndiyo isiyojadiliwa, kwa kuwa sote tumeshughulika na kumdhihaki aliyeapishwa.

Upinzani nao usijifiche nyuma ya CCM. BAWACHA kwa CHADEMA na Ngome ya Wanawake kwa ACT-Wazalendo ni jumuiya za wanawake zenye mikutano yake na mivutano yake, na tatizo la orodha ni lile lile. Mfano ulio wazi zaidi ni wa wabunge 19 wa CHADEMA, akiwemo Halima Mdee aliyekuwa mwenyekiti wa BAWACHA, walioapishwa Novemba 24, 2020 wakati chama chao kikisema hakikupeleka orodha yoyote. Siku tatu baadaye Kamati Kuu iliwavua uanachama, na Mei 2022 Baraza Kuu likakataa rufaa zao; wakaenda Mahakama Kuu, ambayo Desemba 2023 ilitengua uamuzi wa Baraza Kuu kwa hoja kwamba walioamua mara ya kwanza walishiriki pia kuamua rufaa. Katika miaka hiyo waliendelea kukaa bungeni. Watu wamekuwa wakinitaka niseme nani alikuwa na haki, nami huwarudisha kwenye Ibara ya 71, inayomwondolea ubunge yeyote anayeacha kuwa mwanachama wa chama alichokuwamo alipochaguliwa. Ibara hiyo inamhusu mbunge wa jimbo vilevile, lakini mbunge wa jimbo akifukuzwa ana wananchi wa kuwaendea katika uchaguzi mdogo, akibebwa na chama kingine. Mwenzake wa viti maalum hana jimbo la kurudi. Nafasi yake inajazwa kwa jina linalofuata katika orodha, na yeye anarudi nyumbani.

Tofauti hiyo inaonekana hata katika mambo madogo. Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, kamati yake inaongozwa na mbunge wa jimbo, hivyo mwenzake wa viti maalum anapoombwa mabati ya zahanati huanza kutafuta wafadhili au kutoboa mfuko wake. Waziri Mkuu, kwa mujibu wa Ibara ya 51, lazima atoke miongoni mwa wabunge wa majimbo. Kwa hiyo Katiba yenyewe inamhesabu mwanamke wa viti maalum kuwa mbunge kamili wakati wa kupiga kura bungeni, kisha inamwacha nje ya mlango mmoja mkubwa, na wananchi wanamlaumu yeye kana kwamba ndiye aliyeuandika mlango huo.

Majirani zetu wanasaidia kuliona tatizo vizuri. Uganda ilikuwa na wabunge wanawake wa wilaya waliochaguliwa na kundi teule la wajumbe, na tangu uchaguzi wa 2006 wanachaguliwa na wapiga kura wote wa wilaya. Kenya, chini ya Katiba ya 2010, ina wawakilishi wanawake 47, kila mmoja akipigiwa kura na kaunti nzima, na si ajabu kwamba Gladys Wanga wa Homa Bay na Kawira Mwangaza wa Meru walitoka kwenye nafasi hiyo wakawa magavana mwaka 2022: walikuwa wamekwisha kuomba kura kaunti nzima kabla hawajaugombea ugavana. Rwanda inatenga viti 24 kati ya 80 vya Bunge kwa wanawake wanaochaguliwa na kundi maalum la wapiga kura kutoka mabaraza ya ngazi za chini, nje ya orodha za vyama. Nchi zote hizo zina viti vya wanawake, na katika kila moja anayeweza kumwadhibu mbunge akizembea ni mtu tofauti. Kwetu ni chama, na hapo ndipo mjadala wetu ungepaswa kukaa.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vya kozi zangu hulipita kimya. Sina uhakika kwamba viti maalum vinawapeleka wanawake majimboni. Mifano ya kupendeza ipo, na kila mkufunzi anaijua kwa moyo: Samia Suluhu Hassan aliingia Baraza la Wawakilishi Zanzibar kwa viti maalum mwaka 2000, akashinda jimbo la Makunduchi mwaka 2010. Lakini mwaka huo huo wa 2010, kati ya majimbo 239, wanawake walishinda 21 tu, na hiyo ni baada ya robo karne ya viti maalum. Nimewasikia viongozi wa wilaya, watu wema kabisa, wakimwambia mwanamke mwenye nguvu jimboni: "Dada, wewe una viti vyenu kule UWT, huku mwachie kaka yako." Kauli hiyo inasemwa kwa upole, na mara nyingi anakubali, kwa sababu hesabu inamwambia kwamba kuzungumza na wajumbe mia kadhaa ni nafuu kuliko kuzunguka jimbo zima akiwa na gari la kukodi. Swali la kama viti hivi vimemjenga mgombea wa jimbo au vimemchelewesha nimelibadilishia jibu zaidi ya mara moja, na bado halijatulia kichwani mwangu.

Wala sidhani kwamba kuiga Kenya au Uganda kutalimaliza. Mkoa kama Tabora au Morogoro ni mkubwa kiasi kwamba mwanamke anayepaswa kuuzunguka wote atahitaji fedha zinazozidi za mgombea wa kiume wa jimbo moja, na aliyemlipia gharama hizo atakuja kudai. Ninachokipendelea kwa sasa, na ninakitetea bila kiapo, ni kwamba vyama vipanue wapiga kura wa ukumbini hadi wanachama wote wanawake wapige kura matawini mwao siku moja, matokeo yabandikwe nje ya ofisi za tawi, na mpangilio wa orodha, pamoja na kanuni ya kuingiza makundi, utangazwe kabla ya siku ya uchaguzi mkuu badala ya baada yake. Kununua matawi yote ya mkoa ni ghali kuliko kununua ukumbi mmoja. Makatibu wawili wa jumuiya niliowaeleza pendekezo hili walinijibu kwamba rejista za wanachama matawini haziaminiki na kwamba vita vitahamia kwenye kadi, na katika hilo nadhani wana hoja.