Je, wajua kwa nini besi ya bendi ya Joy Division yasikika hata kwenye simu?

Panda matatu ya Bamburi inayopiga rege. Besi huisikii kwa masikio tu, huisikia kwenye kiti na kwenye mbavu. Ukishuka Buxton, weka wimbo uleule kwa spika ya simu: besi haipo tena, amebaki mwimbaji na kigitaa chake. Uzi mnene wa gitaa la besi hutikisika mara 41 hivi kwa sekunde, na kispika cha simu hakina ubavu wa kusukuma hewa nyingi inayohitajika kwa sauti nzito namna hiyo.

Sasa weka Unknown Pleasures, albamu ya kwanza ya Joy Division, vijana wa Manchester, Uingereza, iliyotoka Juni 1979. Besi iko palepale, tena ndiyo inayoimba! Gitaa lenyewe lakwaruza pembeni tu.

Sababu yake ni umaskini wa vyombo. Mpigaji besi, Peter Hook, alikuwa na amplifaya hafifu, na mwenzake Bernard Sumner alipiga gitaa kwa kelele. Hook akigusa nyuzi nene, hajisikii. Akahamia nyuzi nyembamba, juu kabisa shingoni. Uzi mwembamba kuliko wote hutikisika mara 98 ukiachwa wazi. Ubane katikati ya urefu wake, zinakuwa 196. Hapo akajisikia, na mwimbaji wao, Ian Curtis, akaipenda sauti ile, akamhimiza aendelee nayo. Dhiki ikageuka mtindo.

Muziki huo wa posti-panki, yaani roki iliyofuata mlipuko wa panki (roki ya kasi, isiyo na madoido) wa 1976 na 1977, haukuwa na njia moja. Jah Wobble, mpigaji besi wa bendi ya Public Image Ltd, alikwenda kinyume kabisa: alikuwa mpenzi wa rege na dabu ya Jamaika (rege iliyopunguzwa sauti hadi besi na ngoma zikatawala), akazama chini kwenye uzi mnene. Mimi, mtu wa Mombasa, huyu ndiye ndugu yangu.

Hata hivyo, aliyerithiwa zaidi na bendi ndogo za baadaye naona ni Hook. Bendi ya Interpol ya New York ilipotoa albamu yake ya kwanza mwaka 2002, wahakiki walitaja Joy Division papo hapo. Besi ya mpigaji wao, Carlos Dengler, haikufuata ngoma kama mkia. Ilikuwa na wimbo wake.

Kwa hiyo ukitaka kumwomba dereva wa Bamburi akuwekee kitu, mpe ya Wobble. Ya Hook baki nayo kwenye simu.