Mwandishi wa mwisho si abiria

Juzi tena. Tumekaa Ng'ong'ona, kahawa haijapoa, jamaa wa baiolojia akachomoa simu na kufungua ukurasa wangu wa Google Scholar mbele za watu. "Dokta, h yako ni 9. Mwenzako ana 21. Anakuzidi zaidi ya mara mbili!" Mwaka huu nimecheka kwa adabu vya kutosha.

Hiyo h ni namba ya kumpima mtafiti kwa nukuu, yaani mara ambazo makala zake zimetajwa na wengine. Aliipendekeza mwanafizikia, Jorge Hirsch, mwaka 2005. Panga makala zako kuanzia iliyonukuliwa zaidi, shuka ukihesabu, simama pale nukuu zinapopungua kuliko namba ya mstari; mstari uliotangulia ndio h yako. Mwenye nukuu 25, 12, 9, 4, 4 na 2 ana h ya 4. Mwenye 900, 4, 4 na 4 naye ana 4. Zile 900 zimeyeyuka.

Mimi ni mkemia wa mimea. Nachemsha magome, nachuja, nasoma NMR, kipimo kinachoonyesha muundo wa molekuli. Wanaohitaji muundo wa molekuli moja ya mti wa Kondoa tunaenea kwenye Noah moja. Mwenzangu yuko kwenye malaria, uwanja wenye watu tele, na kila mmoja akiandika anawataja makumi. Unatulinganishaje?

Lakini kinachonichoma hasa ni mpangilio wa majina. Kwenye baiolojia, wa kwanza ndiye aliyeshika pipeti, wa mwisho ndiye mkuu wa maabara. Sisi wakemia tunatazama kwanza nyota, yaani nani wa kuandikiwa kuhusu kazi. Wanahisabati wengi hufuata alfabeti tu. Sasa niliwahi kukaa mbele ya kamati ya kupandisha vyeo, mjumbe akapitisha kalamu kwenye majina: "Wewe ni wa 5 kati ya 5." Nikapewa alama za abiria! Wazo langu, mwanafunzi wangu, magunia ya magome niliyapakata mwenyewe kwenye bodaboda. Nilipoeleza, akasema kila mtu husema hivyo. Na kusema kweli hakukosea kabisa: wapo wa mwisho ambao mchango wao ni saini tu kwenye barua ya kuomba vifaa. Karatasi haikuonyeshi.

Na nukuu si lazima ziwe za ugunduzi. Makala ya Lowry na wenzake ya 1951 imenukuliwa zaidi ya mara 300,000. Inahusu nini? Namna ya kupima protini: unatia kemikali, inageuka bluu, unasoma. Inafaa, ndiyo maana kila mtu kaitaja. Upande wa pili yupo Tu Youyou, aliyepewa Nobel ya tiba mwaka 2015 kwa artemisinini, ambayo ndiyo chimbuko la ALu, dawa ya malaria unayopewa zahanati. Muundo wake ulipotangazwa China mwaka 1977, makala ilibeba jina la kikundi, si la mtu. Mtafute humo kwa jina.

Dawa yangu ni kusoma makala zenyewe. Rahisi kusema. Niliwahi kuletewa mafaili 38 Ijumaa, majibu yanatakiwa Jumatatu, na nikaanza kwa kutazama h. Ndiyo, mimi.

Jana usiku nimefungua tena ukurasa wangu. Makala yangu ya kumi ina nukuu 9. Ikiongezeka moja tu, h inakuwa 10. Mwanafunzi wangu anaandika rasimu yake ya kwanza wiki hii. Sijamwambia kitu.