Hii walisoma nikiwa nyumbani

Jumamosi moja muhula huu nilikuwa Mukuru, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, katika chumba cha mabati ambacho siku za wiki ni darasa la gredi ya nne na Jumapili ni kanisa. Kazi yangu ni kupima watoto kusoma na hesabu, mmoja mmoja, kisha kukaa na walimu wao tuone pa kuanzia. Msichana aliyeketi mbele yangu ana miaka 10. Nilimwandikia 52 toa 27. Akashika penseli, akajibu upesi, bila wasiwasi wowote: 35.

Ni rahisi kuweka alama ya X na kuendelea. Lakini kosa hilo lina mpango wake. Kwenye mamoja aliona 2 na 7, akatoa ndogo kwenye kubwa, akapata 5. Kwenye makumi akatoa 2 kwenye 5, akapata 3. Nikampa hesabu nyingine tatu za namna hiyo, akazikosa zote kwa njia ileile. Mtoto anayebahatisha hukosa ovyo ovyo. Huyu alikuwa anafuata kanuni, ila kanuni yenyewe aliitunga peke yake, kwa sababu ile ya kukopa kumi haikumfikia. Nilipoanza kumwonyesha jinsi ya kukopa, aliitazama karatasi kwa muda, akasema, "Mwalimu, hii walisoma nikiwa nyumbani."

Nikaweka karatasi kando. Nikamwambia: mama amekutuma dukani na shilingi 52, umenunua vitu vya 27, unamrudishia ngapi?

"Ishirini na tano." Hata penseli hakuigusa.

Jambo hili si geni kwa wanaosomea taaluma yetu. Mwaka 1985 watafiti wa Recife, Brazil, walichapisha habari za watoto watano waliokuwa wakichuuza mitaani. Kwenye biashara yao walipata sawa asilimia 98 ya hesabu. Walipopewa hesabu zilezile zimeandikwa kishule, walipata asilimia 37. Akili ni ileile moja. Kinachokosekana ni daraja la kuivusha akili hiyo kutoka dukani hadi kwenye daftari, na daraja hilo hujengwa darasani, siku kwa siku.

Ndiyo maana naumia kila matokeo yanapotoka na watu kuanza kusema kwamba watoto wa mitaa ya mabanda ni wazito, au wazazi wao hawajali. Katika kazi hii nimekuja kuamini kwamba kitu cha kwanza umaskini humnyang'anya mtoto ni siku. Alama hufuata baadaye.

Mwalimu wake alinifungulia daftari la mahudhurio. Katika muhula mmoja msichana huyu alikosa siku 17. Tulizipitia mstari kwa mstari. Siku nne alifukuziwa karo, akarudi mama alipolipa nusu. Siku tatu maji yalijaa kwenye uchochoro wao, akabaki kusaidia kuokoa godoro na unga. Wiki nzima mdogo wake aliugua na mama hakuweza kuacha kibarua. Siku tano zilizobaki alifukuziwa karo tena. Hakuna hata siku moja aliyoamua mwenyewe kutoroka shule.

Msomaji atauliza: karo gani tena, na elimu ya msingi ni bure? Ni kweli, Januari 2003 serikali iliondoa karo katika shule za msingi za umma, ikaanza kutoa shilingi 1,020 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, na idadi ya wanafunzi ikaruka kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Lakini tembea Mukuru, Mathare au Korogocho uhesabu shule za umma utakazopita, kisha uhesabu watoto. Shule za umma ni chache, nyingi ziko pembezoni mwa mtaa, zimejaa, na kuzifikia mtoto mdogo huenda akalazimika kuvuka barabara ya malori. Kwa hiyo wazazi wengi huwapeleka watoto kwenye shule za kibinafsi za mtaani, zile ambazo wizara huziita APBET, yaani shule za njia mbadala ya kutoa elimu ya msingi, na huko analipa mzazi.

Hapa ndipo shida ilipo hasa. Mama wa msichana huyu ni mama fua. Hulipwa kwa siku, siku akiitwa. Shule nayo inataka pesa kwa mwezi, na mwenye nyumba vilevile. Sasa mvua ikinyesha wiki mbili mfululizo hakuna anayemwita kufua, kwa kuwa nguo hazikauki. Yaani mvua ileile inayofurisha uchochoro ndiyo inayomkatia mapato, na deni la shule linaiva wakati huohuo mtoto alipokwisha kukosa siku kwa sababu ya maji. Kati ya mwenye nyumba anayeweza kuja kung'oa mlango na mwalimu mkuu anayeweza kumrudisha mtoto nyumbani, mama hulipa mlango kwanza. Mimi ningefanya vivyo hivyo.

Wala simlaumu mwalimu mkuu. Kodi ya kiwanja na mishahara ya walimu wake hutoka kwenye karo hiyohiyo.

Siku zikipotea, somo halisubiri. Katika hesabu ni vibaya zaidi, maana kila hatua imekalia nyingine. Aliyekosa wiki ya kukopa atakwama kwenye kutoa namba kubwa, na akifika kugawanya kwa njia ndefu, ambako kila hatua ina kutoa ndani yake, hatapata jibu hata akijua jedwali lote la kuzidisha kwa moyo. Mwalimu ataona "hajui kugawanya". Kumbe tatizo lilizaliwa miaka miwili nyuma, katika wiki moja ya mvua.

Kuna njia nyingine ambazo umaskini humzuia mtoto kujifunza, nazo sitakaa nazo sana. Njaa: mtoto aliyelalia chai kavu hawezi kushika maelezo ya saa nne asubuhi, na upungufu wa damu humfanya aonekane mvivu. Mpango wa Dishi na County, ulioanza 2023, huwapa watoto wa shule za umma Nairobi chakula cha mchana kwa shilingi 5, na natamani sana umfikie kila mtoto wa shule ya mabati. Nyumba ya futi kumi kwa kumi yenye watu sita haina kona ya kufanyia kazi ya ziada. Na mtaala mpya una picha za kuchapishwa saiba na karatasi za manila za kununuliwa. Mtoto asiye navyo wakati mwingine huona afadhali asije kabisa kuliko kusimamishwa mbele ya wenzake.

Je, basi tukiwarudisha tu shuleni mambo yatakuwa sawa? Ningependa kusema ndiyo, lakini ushahidi wa hapa kwetu unanizuia. Mwishoni mwa miaka ya 1990, utafiti wa wachumi Edward Miguel na Michael Kremer huko Busia, magharibi mwa Kenya, ulionyesha kwamba dawa za minyoo zilipunguza utoro kwa robo. Hata hivyo, alama za mtihani hazikupanda. Utafiti mwingine wa magharibi mwa Kenya ulikuta kwamba kugawa vitabu vya kiada kuliwafaa hasa wale waliokuwa tayari mbele, kwa kuwa wengi wa wengine hawakuweza kuvisoma: vilikuwa kwa Kiingereza, lugha ya tatu kwao. Mtoto alirudi darasani, akakuta darasa limemwacha.

Kilicholeta tofauti ni pale shule zilipogawa darasa la kwanza kulingana na kiwango mtoto alichofikia. Wachumi Esther Duflo, Pascaline Dupas na Kremer walijaribu hilo katika utafiti wa shule 121, takriban nusu yake zikigawa hivyo, na waliokuwa nyuma walinufaika kama walivyonufaika waliokuwa mbele, kwa sababu mwalimu aliweza kufundisha kuanzia walipo.

Kwa hiyo ninapokaa na walimu wa mtaani huomba mambo mawili. La kwanza, saa moja kila siku ambapo watoto hukaa kwa kiwango chao, si kwa gredi. Aliyekwama kwenye kukopa kumi akae na aliyekwama hapohapo, hata kama mmoja ni wa gredi ya tatu na mwingine wa tano. Hakuna kifaa cha kununua. Visoda na vijiti vya kufungwa kumi kumi vinatosha. La pili, deni lipelekwe kwa mzazi kwa barua au kwa simu, na mtoto abaki kwenye dawati lake. Deni la shilingi 600 linaweza kulipwa mwezi ujao. Wiki ya kukopa haifundishwi tena mwezi ujao.

Ombi la kwanza hukubaliwa upesi. La pili ni gumu, na naelewa kwa nini: mtoto akirudishwa nyumbani, pesa hupatikana haraka. Mwalimu mkuu wa shule ile ya mabati aliniambia wazi kwamba anaogopa kushindwa kulipa walimu. Tulizungumza kwa muda mrefu. Mwishowe akakubali kujaribu muhula mmoja kwa gredi ya tatu na ya nne peke yake, wazazi walipe kwa wiki, kiasi walichopata, na kila malipo yaandikwe kwenye kadi.

Msichana yule tulikaa naye tena kabla sijaondoka. Tulifunga mafungu matano ya vijiti kumi kumi, na vijiti viwili vikabaki peke yake. Nilipomwambia atoe 27, alitazama vile viwili, akatazama mafungu, kisha akafungua fungu moja kwa meno.