Jina Peke Yake Halitoshi: Dhana Potofu Kuhusu Wahenga Waliopelekwa Australia Wakiwa Wafungwa

Kazi yangu ni kutafuta koo za watu kwenye kumbukumbu za zamani, na wateja wangu wengi hunijia na jina la mhenga limeshapigiwa mstari. "Nimeshampata, wewe nithibitishie tu." Baadhi yao ni wasemaji wenzangu wa Kiswahili waliooa au kuolewa katika familia za Kiaustralia, na sasa watoto wameanza kuuliza ukoo wa upande wa pili ulitokea wapi. Kuuliza ni jambo jema, nami nafurahi kila ninapopata simu ya namna hiyo. Ila makosa wanayokuja nayo ni yale yale, na moja kati yake limenichosha.

"Jina limelingana, miaka inakaribiana, basi ndiye"

Siye, mpaka uthibitishe.

Kati ya 1788 na 1868 Uingereza ilisafirisha wafungwa wapatao 162,000 kwenda Australia. Walitoka kwenye jamii zilizokuwa na majina machache ya ubatizo yanayozunguka: John, William, Thomas na James kwa wanaume, Mary, Ann, Elizabeth na Sarah kwa wanawake. Andika John Smith au Mary Ryan kwenye faharasa yoyote, utaletewa kurasa kwa kurasa. Ukimchukua wa kwanza anayekupendeza, umeingiza ukoo wa watu wengine nyumbani kwako, na wanao watakua wakisimuliwa habari za mtu asiyewahusu hata kidogo. Tena ukishauweka mti huo wa ukoo mtandaoni, binamu wa mbali wanaunakili, na baada ya muda mteja mwingine ananiletea kosa lile lile akijitetea kwamba ameliona kwenye miti mitano. Miti mitano iliyonakiliana ni shahidi mmoja, na huyo mmoja hajahojiwa na mtu.

Makarani wa makoloni walikutana na tatizo hili kabla yetu, wakalitatua. Mfungwa waliandika jina lake na meli iliyomleta. Meli ikawa kama ubini: ilimfuata kwenye cheti cha ruhusa ya kujitafutia kazi, kwenye ombi la kufunga ndoa, kwenye msamaha na kwenye cheti cha uhuru. Kwa hiyo mteja akikaa mbele yangu, swali langu la kwanza ni meli gani, na la pili ni mwaka gani. Mwaka ni lazima, kwa sababu meli moja ilisafiri zaidi ya mara moja. Meli iitwayo Asia ilileta wafungwa safari kadhaa, na ukichanganya safari mbili umechanganya watu.

Sasa meli utaipataje? Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu, kwa kukimbilia mahakama za Uingereza siku ya kwanza. Anza na walio hai, urudi nyuma kizazi kimoja baada ya kingine, cheti kwa cheti. New South Wales, koloni lenye mji wa Sydney, ilianza uandikishaji wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo mwaka 1856, na cheti cha kifo cha kuanzia hapo mara nyingi hutaja wazazi wa marehemu, alikozaliwa, na miaka aliyoishi koloni. Soma hiyo sehemu ya miaka kwa makini. Mtu aliyekufa 1861 akiwa ameishi koloni miaka 33 alifika karibu na 1828. Ichukue kama makadirio, maana aliyetoa taarifa huenda alikuwa mkwe aliyekisia, lakini tayari umepunguza meli mamia hadi chache. Kama mhenga wako alikuwa New South Wales mwaka 1828, una bahati kubwa zaidi: sensa ya mwaka huo inataja meli, mwaka wa kufika, na kama mtu alikuja huru, alizaliwa kule kule, au alikuja mfungwa.

Ukiwa na meli na mwaka, fungua orodha ya wafungwa wa safari hiyo. Orodha za mwanzo ni kavu: jina, mahali pa hukumu, kifungo. Zile za kuanzia miaka ya 1820 na kuendelea zinaanza kukupa umri, dini, kazi, kama alijua kusoma, na alikozaliwa. Kisha nenda kwenye madaftari ya usafirishaji yaliyoko kwenye hifadhi ya taifa ya Uingereza, Kew, London, yenye alama HO 11. Hayo yanakupa tarehe na mahali pa hukumu. Kosa lenyewe hutalikuta humo; hilo liko kwenye kumbukumbu za mahakama, ambazo sasa unajua ni mahakama ipi.

Tasmania, ambayo hadi 1856 iliitwa Van Diemen's Land, ndiyo yenye hazina. Daftari la mwenendo la mfungwa lina ukurasa mmoja uliobanwa kwa maandishi madogo. Juu kuna namba yake ya polisi, jina, meli, tarehe ya kufika, mahali pa hukumu. Chini yake karani ameandika kosa, sifa aliyopewa na gereza la kule alikotoka, na kisha maneno ya mfungwa mwenyewe kuhusu alichofanya. Baada ya hapo ni tarehe baada ya tarehe: alilewa, alitoroka kazini, alimjibu bwana wake vibaya, na adhabu ya kila kosa. Kwenye orodha ya maumbile ya mwili utakuta urefu bila viatu, rangi ya macho, makovu, na chale za wino mikononi: nanga, nguva, herufi za majina ya wapenzi na wazazi. Herufi hizo ziandike. Nimeona ukoo uliobishaniwa miaka mingi ukathibitika kwa herufi za mama zilizochorwa kwenye mkono wa mwanawe. Na wakitokea watu wawili wa jina moja kwenye meli moja, namba ya polisi inawatenganisha.

Meli, mwaka, mahali pa hukumu, umri. Vinne hivi vikikubaliana kutoka karatasi ya kwanza hadi ya mwisho, nitakuambia ndiye. Kimoja kikigoma, tunarudi nyuma.

"Aliiba mkate tu kwa sababu ya njaa"

Njaa ilikuwepo kweli, na sheria zilikuwa katili. Lakini mikate ni michache sana kwenye majalada ninayosoma. Utakuta nguo, vitambaa vya mfukoni, kondoo, vyombo vya nyumbani, na mara nyingi hukumu nyingine kabla ya ile iliyompeleka. Wapo pia waliosafirishwa kwa kudai haki: wakulima karibu 500 baada ya ghasia za 1830 kusini mwa Uingereza, na vibarua sita wa kijiji cha Tolpuddle, Uingereza, mwaka 1834 waliokula kiapo cha chama chao. Soma kesi kwanza, ndipo usimulie. Kwa waliohukumiwa Old Bailey, mahakama ya jinai ya London, mwenendo wa kesi unasomeka bure mtandaoni.

"Alifungwa Port Arthur"

Huenda hakuwahi kupaona. Port Arthur, gereza la Tasmania, ilikuwa hasa ya waliofanya makosa tena wakiwa koloni. Wengi walikabidhiwa kwa walowezi wakachunga kondoo, wakalima au wakatumika majumbani.

"Miaka saba ilipokwisha alirudi kwao"

Nauli ya kurudi ilikuwa juu yake mwenyewe. Wengi walibaki, na aliyepewa msamaha wa masharti hakuruhusiwa kukanyaga Uingereza hadi muda wa hukumu uishe.

"Walikuwa Wazungu watupu"

Wateja wenye watoto chotara huniuliza hili kwa sauti ya chini, nami hulijibu kwa sauti ya juu. Kwenye meli za kwanza kabisa, zilizofika Januari 1788, walikuwemo watu weusi. Mmoja ni John Caesar, aliyehukumiwa Maidstone, Uingereza, mwaka 1786 na ambaye wanahistoria wanadhani alizaliwa Madagascar. Alitorokea porini mara kadhaa na kuuawa mwaka 1796. David Stuurman, kiongozi wa Wakhoikhoi aliyewahi kutoroka kisiwa cha Robben, alisafirishwa kutoka Cape mwaka 1823 akafia Sydney mwaka 1830. Mtu kama huyo usimtafute kwenye mahakama za London. Alihukumiwa Afrika Kusini, na jalada lake linaanzia Cape Town. Mauritius nayo ilipeleka watu, na hao watafutwe kwa mpango huo huo.

"Hakuna haja, kumbukumbu ziliungua"

Moto wa Sydney wa 1882, ambao watu huutaja sana, uliteketeza sensa ya 1881. Orodha za meli za wafungwa zipo. Madaftari ya Tasmania yapo, yaliingizwa kwenye rejista ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2007, na picha zake unazifungua bila malipo. Penye hasara ya kweli ni Ireland: moto wa Dublin wa 1922 uliangamiza madaftari ya usafirishaji ya kabla ya 1836. Hata hapo njia haijafungwa. Mwairlandi aliyefika Sydney 1825 yumo kwenye orodha ya meli yake huko Sydney, pamoja na kaunti aliyohukumiwa, na kwenye hifadhi ya taifa ya Dublin yamebaki maombi ya huruma ambayo wafungwa, wake zao na mapadri wao waliyaandika kwa serikali. Tafuta ombi la mke. Humo utakuta idadi ya watoto alioachiwa na mara nyingine jina la kijiji.